Histolojia

Histolojia ni elimu ya tishu za mwili zinapotazamwa kwa hadubini. Tishu huainishwa katika makundi manne: epithelia, tishu unganishi, misuli na neva. Ajabu ni kwamba Mfaransa Xavier Bichat (1771–1802) alizigawa tishu katika aina 21 bila hadubini, kwa kuwa hakuiamini.

Huko Manga, kwenye nyanda za juu za Kisii na Nyamira nchini Kenya, tishu inayopimwa mara nyingi ni damu, ambayo nayo huhesabiwa kuwa tishu unganishi. Tone hupakwa kwenye kioo, hukaushwa na kutiwa rangi ya Giemsa ili kutafuta vimelea vya malaria, ugonjwa uliowahi kulipuka katika vilima hivyo licha ya baridi yake.

Kinyama kilichokatwa mwilini kina safari ndefu zaidi. Hulowekwa katika fomalini kisioze, huondolewa maji kwa alkoholi, huzamishwa katika nta ya parafini, kisha hukatwa kwa mikrotomu kuwa vipande vyembamba vya mikromita 3 hadi 5. Bila rangi karibu hakionekani kitu. Hematoksilini hutia viini vya seli buluu ya zambarau. Eosini hutia saitoplazimu waridi.