Kutoka Kasri hadi Ngome Kongwe: Taarab na Majengo Yake Zanzibar

Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, ni mji mdogo. Mtu anayetembea kwa miguu kutoka Malindi hadi Shangani hufika kabla ya nusu saa. Ndani ya eneo hilo na pembezoni mwake yamo majengo ambamo taarab ya Zanzibar ililelewa. Baadhi yamekuwa makumbusho, mengine yamebaki vilabu na mengine yamekuwa majukwaa. Yakifuatwa kwa mpangilio wa miaka, yanaonyesha jinsi muziki uliokuwa starehe ya watu wa kasri ulivyotoka ndani na kuwa mali ya umma.

Safari hiyo huanzia Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883 kwa amri ya Sultan Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888. Ndilo lililokuwa jengo la kwanza Zanzibar kuwaka umeme, na nguzo zake za chuma zilizobeba baraza za ghorofa zote zilionekana kutoka mbali baharini. Barghash alipenda muziki wa Misri. Kwa mujibu wa masimulizi ya Zanzibar yenyewe, alialika wanamuziki kutoka huko, kisha akampeleka Cairo kijana wake, Mohamed bin Ibrahim, akajifunze kupiga kanuni. Aliporudi, kijana huyo alipiga mbele ya Sultani na kuwafundisha wenzake. Jina taarab lina asili ya Kiarabu, na maana yake ni ile hali ya moyo kuchangamka au kusisimka kwa sauti nzuri. Wakati huo nyimbo ziliimbwa kwa Kiarabu, na wasikilizaji walikuwa wa ukoo wa kifalme na wageni wao.

Mapema katika karne ya 21 Beit al-Ajaib ilitumika kama makumbusho ya historia na utamaduni. Uani mwake palikuwa na mtepe, chombo cha kale cha baharini ambacho mbao zake hushonwa kwa kamba za makumbi ya nazi bila msumari hata mmoja. Baadaye jengo lilidhoofika, likafungwa, na tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake kubwa ya mbele ikaporomoka wakati wa ukarabati.

Hatua chache kutoka hapo ndipo yalipo Makumbusho ya Kasri. Makazi ya awali ya masultani mahali hapo yaliharibiwa na mizinga ya Waingereza tarehe 27 Agosti 1896, katika vita vilivyokwisha kabla ya saa moja kutimia. Kasri iliyojengwa baadaye ilikaliwa na masultani hadi Mapinduzi ya Januari 1964, na mwaka 1994 ikawa makumbusho. Humo kimo chumba cha Binti Salme, aliyezaliwa mwaka 1844 na kutoroka mwaka 1866. Aliolewa na Mjerumani, akajulikana kama Emily Ruete, na mwaka 1886 alichapisha kwa Kijerumani kumbukumbu za maisha yake. Makumbusho haya yanasaidia kuelewa taarab ya mwanzo iliwahusu akina nani.

Hatua ya kwanza ya kutoka kasri ilikuwa klabu. Mwaka 1905 vijana wa mjini walianzisha Ikhwani Safaa, chama cha muziki ambacho bado kipo na maskani yake ni Malindi. Wanachama waliagiza ala na kufanya mazoezi jioni baada ya kazi. Kanuni, mama wa ala hizo, ni sanduku bapa lenye nyuzi zaidi ya 70, zilizopangwa tatu tatu kwa kila sauti. Mpigaji huipakata mapajani na kuzidonoa nyuzi kwa vidonoo alivyovaa kwenye vidole vya shahada. Pamoja nayo kulikuwa na udi, fidla, nai, dumbaki na rika.

Hatua ya pili ilivuka maji. Mji Mkongwe ulitenganishwa na Ng'ambo kwa hori lililokuwa na daraja. Hori lilifukiwa, lakini jina la Darajani limebaki hadi leo, likiwa jina la soko na mtaa wake. Ng'ambo ndiko walikokaa wachukuzi, mafundi, wavuvi na watu waliokuwa watumwa pamoja na vizazi vyao. Huko ndiko alikopatia umaarufu Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba yapata mwaka 1880 katika familia ya wafinyanzi, na aliyeanza kwa kuuza vyungu. Alihamia mjini mwaka 1911, akafundishwa muziki, kisha akafanya jambo lililobadili taarab moja kwa moja: aliiimba kwa Kiswahili. Mwaka 1928 alikwenda Bombay na wenzake kurekodi santuri, akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kujulikana kwa njia hiyo. Nyimbo zake zilibeba habari za mtaani. Ule wa Kijiti, kwa mfano, ulihusu mauaji ya mwanamke mgeni, kesi ambayo mtuhumiwa alikimbia na adhabu ikawaangukia wanawake waliokwenda kutoa ushahidi. Siti alifariki mwaka 1950, na wasifu wake uliandikwa na Shaaban Robert.

Ng'ambo pia ndiko kulikokita mizizi kidumbak, ndugu wa taarab asiye na gharama. Hapa kanuni haipo. Kuna fidla, vidumbaki viwili vidogo, mkwasa na sanduku, ambalo ni sanduku la chai lililopinduliwa na kutiwa fimbo na uzi mmoja ili litoe sauti nzito. Katika harusi, kidumbak huwainua wanawake wacheze, ilhali kwenye taarab watu huketi na kusikiliza. Mwenye kuguswa na beti huinuka taratibu, akamfuata mwimbaji na kumtunza noti mkononi. Mara nyingine kutunza huko ni ujumbe kwa mtu mwingine aliyeketi humo humo ukumbini.

Katika enzi za siasa za uhuru, vilabu navyo vilichukua sura mpya. Kikundi kilichoanza mwaka 1958 kwa jina la Shime Kuokoana ndicho kilichokuja kuitwa Mila na Utamaduni, maarufu kama Culture Musical Club, chenye jengo lake Vuga.

Kituo cha mwisho ni Ngome Kongwe, iliyojengwa na Waomani baada ya Wareno kutimuliwa mwishoni mwa karne ya 17, mahali palipokuwa na kanisa la Kireno. Kwa nyakati tofauti imekuwa gereza na karakana ya reli. Leo ndani ya kuta zake mna ukumbi wa wazi wenye ngazi za kukalia. Tamasha la filamu la ZIFF, lililoanza mwaka 1998, na Sauti za Busara, lililoanza mwaka 2004, yameufanya ukumbi huo kuwa jukwaa kuu la mji. Hapo ndipo wageni wengi walipomwona Bi Kidude, Fatuma binti Baraka, aliyeimba taarab na kupiga ngoma ya unyago hadi uzeeni na kufariki tarehe 17 Aprili 2013.

Ili ufundi usipotee, mwaka 2002 kilifunguliwa Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi katika jengo la Forodha Kongwe, ufukweni Mizingani, ambapo vijana walifundishwa udi, kanuni na fidla na wazee wa vilabu. Huko Shangani, tangu mwaka 2019, kuna makumbusho ya Freddie Mercury, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, katika familia ya Kiparsi. Muziki wake ulikulia kwingine. Wa Zanzibar wenyewe unasikika kwenye vilabu vya Malindi na Vuga, jioni za mazoezi.