Jumbo za mtumba: Kwa nini ndege kuukuu za mizigo bado zinanunuliwa

Watu wa mwambao wa Ziwa Tanganyika wanajua kwamba chombo cha zamani kinaweza kuwa mali. MV Liemba iliundwa Ujerumani mwaka 1913, ikazamishwa 1916 wakati wa vita, ikaibuliwa 1924 na kurudi kazini 1927. Kwa miaka mingi ilibeba abiria na mizigo ya vijiji vya ziwani. Ikipata matengenezo inasafiri, ikikosa inaegeshwa.

Mashirika ya ndege za mizigo yanapiga hesabu hiyo hiyo yanaponunua Boeing 747 zilizotumika, maarufu kama Jumbo. Kwa mfanyabiashara wa samaki pale Kabwe, wilayani Nkasi, hesabu hiyo inaishia kwenye swali moja: kusafirisha kilo moja ni shilingi ngapi?

Jumbo ni ndege ya namna gani?

Boeing 747 iliruka mara ya kwanza Februari 9, 1969. Chumba cha marubani kiliwekwa ghorofani kwa sababu wabunifu walitaka ndege hiyo ifae pia kubeba mizigo. Kwa hiyo zile zilizotengenezwa kiwandani kwa ajili ya mizigo, pua yake inafunguka kwenda juu. Mabomba marefu na mitambo mikubwa vinaingizwa kwa mbele, moja kwa moja.

Toleo la 747-400 la mizigo linabeba takribani tani 110. Kwa lugha ya barabarani, hizo ni Fuso 11 zenye tani 10 kila moja.

Kwa nini ya zamani na si mpya?

Sababu ya kwanza: mpya haipo tena. Boeing ilikabidhi 747 ya mwisho, ya 1,574, kwa shirika la Atlas Air la Marekani Januari 31, 2023. Anayetaka Jumbo leo lazima aende kwa aliyeitumia.

Sababu ya pili ni bei. Ndege iliyotumika inauzwa kwa sehemu ndogo tu ya bei ya ndege mpya kubwa. Shirika halibebi mkopo mzito, hivyo hata ndege ikikaa chini siku kadhaa kusubiri mzigo, hasara inavumilika.

Sababu ya tatu: ndege nyingi za abiria zinaweza kugeuzwa. Viti vinang'olewa, sakafu inaimarishwa, na mlango mkubwa unakatwa ubavuni. Ila pua ya ndege iliyogeuzwa haifunguki.

Gharama inajificha wapi?

Kwenye mafuta na gereji. Jumbo ina injini nne na 747-400 inakunywa takribani tani 10 za mafuta kwa saa. Boeing 777 ya mizigo inabeba takribani tani 102 kwa injini mbili tu. Mafuta yakipanda bei, mwenye Jumbo ndiye anayeumia kwanza, na baada yake mwenye mzigo.

Halafu kuna ukaguzi mkubwa, ambapo ndege inafunguliwa karibu yote kutafuta kutu na nyufa. Ndege kuukuu ikifikia ukaguzi huo, mara nyingine mwenyewe anaona bora aiuze kwa vipuri.

Je, ni salama?

Umri peke yake hausemi yote. Wakaguzi wanaangalia saa ilizoruka, idadi ya safari na kumbukumbu za matengenezo. Februari 2000, Boeing 707 ya mizigo iliyokuwa ikija kuchukua samaki Mwanza ilianguka Ziwa Victoria ikijaribu kutua usiku. Waliokuwemo walinusurika. Ilikuwa ndege ya zamani, lakini kutua usiku ni kazi ya marubani na taa za uwanja pia.

Hata hivyo, uzee una hatari yake. Novemba 4, 2025, MD-11 ya UPS yenye umri wa miaka 34 ilianguka Louisville, Marekani, baada ya injini ya kushoto kung'oka ikiwa inaruka. Watu walikufa, ndani ya ndege na chini ardhini. Wachunguzi walikuta nyufa za uchovu wa chuma kwenye vishikizo vya injini, na MD-11 zikasimamishwa kuruka.

Afrika Mashariki inafanyaje?

Kila mmoja na njia yake. Astral Aviation ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 2000, imewahi kukodi 747 pamoja na marubani wake, badala ya kununua. Tanzania ilichagua mpya: Juni 3, 2023, Air Tanzania ilipokea Boeing 767-300 ya mizigo inayobeba tani 54, yaani karibu nusu ya Jumbo.

Udogo huo si aibu. Ndege inayoruka na nusu ya mzigo inachoma mafuta karibu kama iliyojaa. Nairobi ina maua ya kujaza Jumbo kwenda Ulaya. Sehemu nyingi haziwezi.

Kabwe inaingia wapi?

Bandari ya Kabwe imejengewa gati, na migebuka na dagaa wanapanda magari kwenda Sumbawanga na mbele zaidi. Uwanja wa Sumbawanga hauwezi kupokea Jumbo, ambayo ikiwa na mzigo kamili inahitaji njia ya takribani kilomita tatu. Uwanja wa Songwe, karibu na Mbeya, una njia ya mita 3,330. Lakini urefu wa njia pekee hauleti ndege. Kinachoileta ni mzigo wa uhakika kwenda na kurudi, chumba cha baridi, na barabara ambayo haiozeshi samaki njiani.

Anayefikiria kutuma kwa ndege ajue mambo mawili kabla ya kukubali bei.

Kwanza, mzigo unapimwa kwa uzito na kwa ukubwa, na linalozidi ndilo linalolipiwa. Kwa kawaida mita moja ya ujazo huhesabiwa kama kilo 167. Dagaa wakavu ni wepesi lakini wanajaza nafasi, kwa hiyo wanaweza kulipiwa zaidi ya uzito wao wa mizani.

Pili, samaki wabichi wanapimwa na barafu yao. Kilo 20 za barafu kwenye boksi ni kilo 20 za nauli, iwe ndege ni mpya au ya mtumba.