Maandishi Yaliyosimama: Kutoka kwa Wamongolia hadi Nasser Road

Ndugu zangu, ukipata rafu yenye vitabu vya Uganda na vile vya Kifaransa tulivyosomea Kongo, jaribu kusoma majina yaliyo kwenye migongo yake. Vya Uganda vitakuinamisha kichwa kulia, vya Kifaransa kushoto. Shingo inacheza kama ya kuku! Waingereza wanashusha jina kutoka juu kwenda chini, Wafaransa wanalipandisha kutoka chini kwenda juu, na sisi tukarithi, kila mtu kwa mkoloni wake. Mwaka 1985 shirika la viwango la kimataifa, ISO, lilitoa kiwango namba 6357 kinachopendelea njia ya kushusha. Faida yake ni kwamba kitabu kikilala mezani jalada likiwa juu, jina la mgongoni linasomeka bila kupinduka. Wachapishaji wengi wa Kifaransa wanaendelea na yao tu.

Sasa kijana anayechora jalada hapa Kampala, akiandika digrii 90 kwenye kompyuta, maandishi yatageukia wapi?

Kugeuza maandishi si jambo la juzi. Inasimuliwa kwamba mwaka 1204 Genghis Khan alimteka mwandishi Muighur aitwaye Tatatunga, akamwamuru awafundishe Wamongolia kuandika. Hati ya Wauighur ilitokana na ile ya Wasogdia, yenye asili ya Kiaramu, iliyokwenda kulia kwenda kushoto kama Kiarabu. Ikasimamishwa. Chukua ukurasa wa Kiarabu uugeuze kinyume cha saa: mwanzo wa mstari uliokuwa kulia unapanda juu, na mstari wa kwanza unakaa kushoto. Hivyo ndivyo Kimongolia cha jadi kinavyosomwa mpaka leo, kutoka juu kwenda chini, safu baada ya safu. Kumbe waligeuza karatasi tu!

Huku Buganda, Alexander Mackay, mhandisi Mskoti wa misheni ya CMS, alifika mwaka 1878. Mwanzoni walifundisha kwa maandiko ya Kiswahili, maana ya Kiluganda yalikuwa bado, naye akachonga herufi za mbao kwa mkono ili achape karatasi za kusomea. Kwa uchapaji wa aina hiyo, wa mbao au wa risasi, herufi zinafungwa ndani ya fremu ya chuma yenye pembe nne. Kusimamisha mstari ni rahisi, unageuza tofali zima. Ila ukitaka mstari wa mshazari, utajaza vipande pembeni mpaka jasho likutoke.

Kompyuta nazo zilisumbua. Herufi za vidoti za Windows za zamani hazikugeuka vizuri. Ilibidi zije herufi zinazochorwa kwa mistari, kama TrueType iliyoingia kwenye Windows 3.1 mwaka 1992. Wenye printa nzuri walitangulia: lugha ya PostScript ya kampuni ya Adobe, iliyoanzishwa na John Warnock na Charles Geschke, ilikuwa ndani ya Apple LaserWriter tangu 1985. Humo unageuza karatasi, yaani ile mistari ya vipimo isiyoonekana, unaandika kama kawaida, kisha unairudisha ilivyokuwa. Ujanja uleule wa Wauighur.

Tatizo ni kwamba PostScript inahesabu digrii kinyume cha saa, wakati SVG ya mwaka 2001, ambayo Inkscape inaitumia, inafuata saa, maana vipimo vyake vinaanzia juu na kushuka. Basi 90 ya huku siyo 90 ya kule. Ukikosea, mgongo wa kitabu utatoka kichwa chini, na mwenye kitabu hatakulipa.

Nasser Road yetu, yenye mabango ya wanasiasa mpaka yameandikiwa kitabu, inapenda njia nyingine: kupanga herufi mojamoja kama ngazi. KARIBU inakubali. Lakini USHAURI inatenganisha S na H, na NG'OMBE inaipa ile alama ngazi yake peke yake, haha.

Kwa Kiarabu, hilo si la kucheka. Herufi zake zinashikana mikono. Ukizipanga kama ngazi zinaachana na neno linakufa. Wasudani wengi wamefika Kampala tangu vita vya Aprili 2023, na mashirika yanawachapishia mabango membamba ya kusimama mlangoni: wapi kuandikishwa, wapi daktari. Mama aliyefika jana akisoma vipande vya herufi, atajuaje mlango ni upi? Basi usipange ngazi. Andika neno lote kwa mlalo, hakikisha limeshikana, ndipo uligeuze lote pamoja. Na kabla faili halijaenda kuchapwa, mwite Msudani mmoja asome kwa sauti.