Wazazi Wapya na Muziki wa Usiku Katika Miji ya Pwani

Mengi yaliyoandikwa juu ya Unguja na Dar es Salaam yahusu wafalme, biashara na serikali. Machache yahusu saa zile ambazo watu, baada ya kazi za mchana, walivaa nguo zao nzuri wakaenda kusikiliza muziki. Katika watu hao lipo kundi moja linalosahauliwa zaidi, nalo ni la wazazi waliopata mtoto karibuni. Mtu asiye na mtoto huenda ngomani kwa miguu yake miwili tu. Mzazi mpya hawezi kutoka mpaka iwepo mikono mingine nyumbani. Kwa hiyo historia ya matembezi yake ni historia ya mikono hiyo.

Mila ya pwani ilimweka mzazi ndani siku arobaini. Katika siku hizo alikandwa kwa maji ya moto, alinyweshwa uji wa pilipili manga, na mama yake, mkunga au somo wake hakuwa mbali naye. Siku arobaini zilipotimia, mtoto alitolewa nje akaonyeshwa ulimwengu, na mama naye alirudi kwa watu. Mtu wa leo aweza kuyaona hayo kuwa kifungo, lakini yalikuwa na hekima yake. Yalikiri kwamba kuzaa ni kazi kubwa, na kwamba kazi hiyo ina mwisho. Aliyemaliza arobaini aliweza kualikwa tena harusini, na harusini ndiko muziki ulikokuwa.

Lakini muziki haukuwafungulia mlango baba na mama kwa kipimo kimoja. Taarabu ilistawi Unguja katika jumba la Sultani Barghash bin Said, aliyetawala tangu mwaka 1870 hata 1888. Mwaka 1905 kiliundwa chama cha Akhwani Safaa, nacho kilikuwa chama cha wanaume. Baba mpya aliyekuwa na nafasi aliweza kwenda kusikiliza udi, fidla na kanuni wakati mkewe analala na mtoto. Starehe ya mama ilikuwa katika ngoma za wanawake, kama vile lelemama, zilizochezwa kwa sare na kwa mashindano. Hivyo mume na mke walikuwa na usiku wao, lakini haukuwa usiku mmoja.

Aliyelegeza mpaka huo ni Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba katika nyumba ya watu maskini, akauza vyungu, akaolewa, akazaa. Na mwaka 1911 alihamia mjini. Msomaji na alikumbuke jambo hili, kwamba mwimbaji aliyeipa taarabu ya Kiswahili sauti yake alikuwa mzazi kabla ya kuwa mashuhuri. Mwaka 1928 alikwenda Bombay pamoja na wenzake, na nyimbo zao zikatiwa katika sahani za santuri. Nyumbani kwake Ng'ambo watu walikusanyika usiku kumsikiliza, nao hawakuwa mabwana wa jumbani, bali wachukuzi, mafundi, wauzaji wa sokoni na wake zao. Alipofariki mwaka 1950 alikuwa amewaonyesha wengi kwamba mwanamke aweza kusimama mbele ya watu usiku na heshima yake isipungue.

Baada yake wanawake wa Unguja walikuwa na vyama vyao vya taarabu, kama Nuru el-Uyun na Sahib el-Arry. Vyama vya namna hii vilikuwa pia njia ya kusaidiana katika uzazi, arusi na msiba. Aliyekuwa ndani ya arobaini alitazamwa na wenzake, na aliporudi alipokewa nao. Hakulazimika daima kumwacha mtoto, kwa maana katika taarabu ya harusi si ajabu kuona watoto wachanga wamelala juu ya mikeka, huku mama zao wakiinuka mmoja mmoja kwenda kumtunza mwimbaji. Kutunza huko kuna maana yake. Mwanamke huungoja ubeti unaosema lile asiloweza kulisema mwenyewe, kisha huenda mbele na fedha yake mkononi, polepole, ili aonekane. Kwa mama aliyekaa ndani siku nyingi, mwendo huo mfupi ulikuwa tangazo kwamba yu hai, yumo mjini, na jina lake halikuishia katika jina la mtoto wake.

Dar es Salaam mambo yalikuwa magumu zaidi. Dar es Salaam Jazz Band iliundwa mwaka 1932. Baadaye zikaja Kilwa Jazz, Western Jazz na, mwaka 1964, NUTA Jazz. Watu walicheza dansi katika kumbi kama Amana na Arnautoglu. Dansi ilitaka mume na mke watoke pamoja. Lakini wengi wa waliokaa Kariakoo, Ilala na Magomeni walikuwa wageni wa mji. Bibi wa mtoto alikuwa shambani, mwendo wa siku nzima au zaidi. Aliyebaki kuwa msaada ni jirani wa chumba cha pili, au msichana mdogo aliyeletwa kutoka kijijini kuwa yaya. Mara nyingi basi baba alitoka peke yake, akasema ya kuwa ukumbi wenye pombe haumfai mama wa mtoto. Tangu mwaka 1951 redio ya Dar es Salaam ilianza kuupeleka muziki majumbani, na mama aliusikia mbele ya mlango wake. Hiyo ilikuwa faraja, lakini pia ilikuwa ukumbusho: alizijua nyimbo zote, na ukumbi hakuujua.

Mwaka 1992 kulipoundwa Tanzania One Theatre, taarabu ya kisasa ilitoka harusini ikaingia katika kumbi za kulipia, na wanawake waliifuata kwa wingi. Lawama nazo zilifuata. Ilisemwa kwamba mama anayekwenda kusikiliza mipasho usiku ameacha nyumba yake. Ni ajabu kwamba lawama hiyo haikumwangukia baba aliyekuwa akitoka tangu zama za santuri.

Hukumu ya haki juu ya jambo hili haiwezi kutolewa kwa kutazama mlango wa ukumbi peke yake. Ni lazima kutazama na mlango wa nyumba. Mkono mmoja haulei mwana, ndivyo wasemavyo wahenga, na methali hiyo haikusema kwamba mkono huo ni wa mama. Mzazi anayetoka usiku mmoja akarudi na moyo mwepesi hakumnyima mtoto kitu, ikiwa alimwacha katika mikono yenye mapenzi. Lakini starehe ya mtu mmoja husimama juu ya kukesha kwa mwingine. Bibi aliyekaa na mjukuu alikuwa na haki ya kushukuriwa. Mke aliyekaa kwa ajili ya mume alikuwa na haki ya zamu yake. Na yule msichana wa kijijini, aliyembeleza mtoto wa watu huku ngoma ikisikika kwa mbali, alikuwa na haki ya usiku wake pia. Majina ya waimbaji yamehifadhiwa katika sahani na vitabu. Ya waliobaki na watoto hayakuandikwa popote, ingawa bila wao kumbi zile zingekosa wasikilizaji wake wengi.