Mpishi wa Marka na Mwisho wa Ndui

Ndugu msomaji, ikiwa nyumbani kwako mna mzee, mwombe akuoneshe mkono wake. Huenda ukakuta kovu la mviringo lililobonyea, kama mahali palipokandamizwa kidole juu ya udongo mbichi. Hilo ni kovu la chanjo ya ndui. Mjukuu wake atakuwa na kovu jingine, la chanjo ya kifua kikuu, lakini lile la ndui hana, wala hakuna tena anayemtaka awe nalo. Kilichotokea baina ya mzee yule na mjukuu wake ni kisa kinachostahiki kusimuliwa majumbani mwetu, kwa sababu kiliishia katika mji wa Waislamu wa pwani hii hii ya Bahari ya Hindi, kwa kijana aliyekuwa akiwapikia wagonjwa chakula.

Wazee wetu waliijua ndui. Ilikuja na majahazi, ilikuja na misafara ya bara, na ilipoingia mtaa haikuuliza huyu mwana wa nani. Homa kali kwanza, kisha malengelenge mwili mzima, hata ndani ya kinywa. Aina yake kali iliua kiasi cha watu watatu katika kila kumi walioshikwa. Waliopona walibaki na mashimo usoni, na wengine walipofuka. Katika karne ya ishirini peke yake inakisiwa kwamba iliua watu milioni 300. Dawa ya kuiponya haikuwapo.

Lakini elimu ya kuijua na kuikinga ilikuwapo zamani, na sehemu kubwa ya elimu hiyo ilitoka katika nchi za Kiislamu, jambo ambalo vijana wetu hawafundishwi vya kutosha. Tabibu Abu Bakr ar-Razi, aliyefariki karibu mwaka 925, na aliyepata kuwa mkubwa wa hospitali ya Baghdad, ndiye aliyeandika kitabu kizima cha kuipambanua ndui na surua. Na mwaka 1718, mke wa balozi wa Uingereza alipokuwa Istanbul, aliwaona wanawake wa huko wakiwachanja watoto kwa usaha kidogo wa ndui ili waugue kidogo na wasalimike na makubwa. Akamchanja mwanawe, kisha akaipeleka habari hiyo kwao. Miaka 78 baadaye, mwaka 1796, ndipo Edward Jenner alipoonesha kwamba usaha wa ndui ya ng'ombe unakinga vizuri zaidi na kwa hatari ndogo.

Mwaka 1967 Shirika la Afya Ulimwenguni lilianza vita vya kuing'oa ndui kabisa. Walichokuwa nacho ni chanjo kavu isiyoharibika upesi kwa joto, na sindano ndogo yenye ncha mbili ambayo hata asiyekuwa daktari angeweza kufundishwa kuitumia kwa muda mfupi. Tena walijifunza hila moja kubwa: si lazima kumchanja kila mtu duniani. Mtafute mgonjwa, mtenge, kisha wachanje wote waliomzunguka, na moto utakosa kuni. Mwaka 1975, katika kisiwa cha Bhola, Bangladesh, mtoto mdogo Rahima Banu alikuwa wa mwisho kushikwa na ile aina kali. Aliyepeleka habari zake ni msichana wa miaka minane, naye alipewa zawadi. Rahima alipona.

Ikabaki aina nyepesi, na ikabaki katika Pembe ya Afrika. Usidanganyike na neno nyepesi, maana nayo iliua. Mwaka 1977 watu zaidi ya 3,000 waliugua Somalia, wengi wao wafugaji wahamaji wasiokaa mahali pamoja.

Basi tufike Marka, mji wa kale wa Benadir, kusini ya Mogadishu, njia ya kwendea Barawa. Katika hospitali ya mji huo alikuwako mpishi, kijana wa miaka 23, jina lake Ali Maow Maalin. (Hilo Maalin ni ndugu wa neno letu mwalimu; yote mawili yametoka kwenye mu'allim ya Kiarabu.) Ali huyu hakuwa mgeni wa habari za ndui. Alipata hata kufanya kazi kwa muda katika kampeni yenyewe ya kuchanja watu. Juu ya hayo, yeye mwenyewe hakuwa na kinga. Miaka mingi baadaye alisema wazi sababu yake: aliogopa. Aliona sindano ile kama inauma.

Tarehe 12 Oktoba 1977 gari lilisimama mbele ya hospitali. Ndani walikuwamo watoto wawili wenye ndui, waliotolewa kwenye kambi ya wahamaji, na dereva hakujua njia ya kuwafikisha kwa msimamizi wa kazi hiyo. Ali akapanda kumwonesha. Safari ilikuwa ya dakika chache tu. Mmoja wa watoto wale, msichana wa miaka sita, alifariki baada ya siku mbili.

Siku ya 22 Oktoba Ali akashikwa na homa na kichwa. Wakamlaza, wakamtibu malaria. Vipele vilipotokeza siku ya 26, wakasema ni tetekuwanga, wakamruhusu arudi nyumbani. Naye alikuwa mtu wa watu. Wakaja jamaa na marafiki kumtazama, kama ilivyo ada yetu sote wa pwani, kwani kumzuru mgonjwa ni haki ya Mwislamu juu ya nduguye. Ndani ya ada hiyo njema ndimo hatari ilimojificha. Mwenyewe alishaanza kushuku maradhi yake, lakini alichelea kutengwa, akanyamaza. Aliyevunja kimya ni muuguzi mmoja wa hospitali, aliyekwenda kutoa habari mwishoni mwa mwezi ule.

Wako watakaosema muuguzi yule alimsaliti mwenziwe. Mimi naona kinyume chake. Mtume wetu (S.A.W.) alikataza wanyama wagonjwa wasichanganywe na wazima, na akafundisha kwamba tauni ikiwa katika nchi tusiiingie, na ikitukuta ndani yake tusitoke kwa kuikimbia. Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.) aliporudi njiani asiingie Sham kwa ajili ya tauni, aliulizwa kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu, naye akajibu kwamba anatoka katika kadari ya Mungu kwenda katika kadari ya Mungu. Muuguzi wa Marka alifanya hilo hilo kwa kiasi cha mji wake.

Na hebu ona kilichofuata, ndugu yangu. Ali akapelekwa kambi ya kutengwa. Hospitali ikafungwa kwa wagonjwa wapya, wafanyakazi wake wote wakachanjwa, na waliolazwa wakazuiwa kutoka. Nyumba zilizozunguka nyumba yake zikaanzwa, kisha mtaa, kisha mji mzima, mlango kwa mlango. Polisi wakawekwa kwenye barabara na vijia vya kuingilia mjini, na apitaye asiyechanjwa akachanjwa pale pale. Wakahesabiwa watu 161 waliokaribiana na Ali, wengine wakifuatwa hadi kilomita 120 nje ya mji. Arobaini na mmoja kati yao hawakuwa wamechanjwa. Katika wiki mbili walichanjwa watu 54,777.

Hakuna hata mmoja aliyeugua. Ali mwenyewe alipona. Fikiri ingekuwaje lau muuguzi yule angeona haya, na wale 41 wakaenda zao sokoni, msikitini, na majahazini.

Mwaka mzima baada yake wakatafuta mgonjwa mwingine, Somalia na kwingineko, wasipate. Mwaka 1978 ndui iliua mwanamke mmoja Birmingham, Uingereza, lakini hiyo ilitoka katika maabara, na ndiyo maana Ali huitwa mtu wa mwisho kuipata kwa njia ya kawaida. Tarehe 8 Mei 1980 ikatangazwa rasmi kwamba ndui imekwisha duniani. Kati ya maradhi yote ya binadamu, mpaka leo ni hayo peke yake yaliyong'olewa kabisa.

Angeweza kukaa na jina hilo na kuwaeleza wageni. Lakini Somalia ilipokuwa ikipigana na polio, maradhi yanayopooza viungo vya watoto, Ali alijiunga na wanaotoa chanjo, akafanya kazi na Shirika la Afya Ulimwenguni katika sehemu zake. Wakati huo nchi ilikuwa imevunjika kwa vita, na kupita mlango kwa mlango ni kazi ya kujitolea roho. Alipokutana na mzazi aliyekataa, hakumtolea hotuba. Alimweleza habari zake mwenyewe: kwamba yeye ndiye yule wa mwisho wa ndui, kwamba alikataa sindano kwa woga, na yaliyompata. Alikuwa akisema kwamba Somalia ilikuwa nchi ya mwisho kwa ndui, na hakutaka iwe ya mwisho tena kwa polio.

Nawaambia kina mama na kina baba wenzangu: daktari akikwambia usiogope, moyo hujibu kwamba yeye ni daktari, atasema nini tena? Lakini anapokuja mtu mwenye woga kama wako, akakiri kwamba aliogopa, na akakueleza kwa utulivu ulimfikisha wapi, utamjibu nini? Sijui dawa nyingine ya uvumi inayoishinda hiyo.

Mwaka 2007 alionekana aliyedhaniwa kuwa mgonjwa wa mwisho wa polio nchini, na mwaka uliofuata Somalia ikahesabiwa kuwa imesalimika. Mwaka 2013 polio ikarudi kutoka nje. Ali, sasa mtu wa makamo, akarudi kazini Marka. Akiwa katika kampeni hiyo alishikwa na homa, na tarehe 22 Julai 2013, kati ya mwezi wa Ramadhani, akafariki. Mara hii ilikuwa malaria kweli, yale maradhi ambayo mwaka 1977 walidhani ndiyo yaliyomlaza. Mwenyezi Mungu amrehemu. Mgonjwa wa mwisho wa mripuko ule wa polio alipatikana Somalia mwezi wa Agosti 2014.