Aliyeilinda Bustani, Akaandika na Kitabu

 

Siku moja ukimaliza Adhuhuri pale Jamia, usikimbilie matatu ya Kangemi au Kawangware. Jioni bado. Fuata barabara ya Muindi Mbingu, pita City Market, utafika Bustani ya Jeevanjee. Utaona watu wamejinyoosha kwenye nyasi, wengine wanabishana siasa, mpiga picha anatafuta wateja. Hebu jiulize: huyu Jeevanjee alikuwa nani?

Wengi hatujui, na mimi nilikuwa mmoja wao. Nilipita hapo miaka na miaka nikidhani ni jina tu, kama jina la steji.

Alibhai Mulla Jeevanjee alikuwa Mwislamu, Bohra, aliyezaliwa Karachi mwaka 1856. Alikuja pwani yetu kufanya biashara na akapata kandarasi wakati wa ujenzi wa reli. Mwaka 1901 alianzisha gazeti Mombasa, African Standard, ambalo baadaye aliliuza, na ndilo mzazi wa gazeti la Standard tunalosoma leo. Mwaka 1906 akawapa watu wa Nairobi bustani hii. Tena ndiye Mhindi wa kwanza kuingia Baraza la Kutunga Sheria la wakoloni, na huko hakunyamaza: alidai haki sawa kwa Wahindi, wakati ambapo Mzungu ndiye aliyekuwa na sauti. Alifariki mwaka 1936.

Sasa sikiliza. Mwaka 1991 wakuu wa jiji walitaka kuichukua bustani hiyo wajenge maegesho ya magari na maduka. Kumbuka hali ya wakati huo: nchi ilikuwa ya chama kimoja, na kupinga mradi wa wakubwa haikuwa mchezo. Aliyejitokeza mbele ni mwanamke, Zarina Patel, mjukuu wa Jeevanjee mwenyewe. Alipaza sauti, wananchi wakamuunga mkono, na mradi ukafa. Ndiyo maana leo una mahali pa kukaa kivulini.

Lakini Zarina Patel hakuishia hapo. Miaka sita baadaye, mwaka 1997, alitoa kitabu cha maisha ya babu yake, Challenge to Colonialism. Mwaka 2002 kikafuata kijitabu kifupi juu ya mzee huyo huyo, ambacho hata mwanafunzi anaweza kukimaliza. Mwaka 2006 akatoa kingine kikubwa, Unquiet, juu ya Makhan Singh, Singasinga mpigania haki za wafanyakazi, ambaye Waingereza walimfungia kizuizini tangu 1950 hadi 1961. Huyo naye alikuwa mwandishi: mwaka 1969 alichapisha historia ya vyama vya wafanyakazi wa Kenya.

Usidhani kazi hii ni rahisi. Mwandishi wa historia hukaa siku nzima kwenye Nyaraka za Taifa, pale Moi Avenue, akifungua faili moja baada ya nyingine. Na faili zile nyingi ziliandikwa na mtawala. Mzee wako humo ndani utamkuta kama mlalamikaji, au kama nambari ya kipande. Kwa hiyo ni lazima mwandishi abishe hodi majumbani pia, aombe barua za zamani na picha, awasikilize wazee kabla hawajaondoka. Halafu atafute mchapishaji. Halafu siku ya uzinduzi watu wapige makofi, wanywe chai, wengi warudi nyumbani bila kununua hata nakala moja!

Hapo ndipo penye uchungu wangu. Kando ya Jamia kuna maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa mwaka 1931. Kwa miaka mingi ilikuwa ya Wazungu peke yao; babu zetu waliswali ubavuni mwake bila ruhusa ya kuingia. Leo mlango uko wazi kwetu sote. Je, ni wangapi kati yetu tumeingia?

Ndugu yangu, dada yangu, bustani iliokolewa kwa sababu kuna aliyemjua mwenye kuitoa. Mali ya wakfu, msikiti wa mtaani, makaburi ya wazee wetu, vyote hivi vinaweza kunyakuliwa siku tutakaposahau nani aliviacha na kwa nini. Asiyekuwa na maandishi hubaki kusema "tuliambiwa tu," na neno hilo mbele ya wakubwa halina uzito.

Basi mwezi huu, baada ya futari, zima televisheni nusu saa. Muulize nyanya au babu alifikaje Nairobi, nani alianzisha madrasa ya mtaa wenu, na ile picha ukutani ni ya nani. Andika kwenye daftari, weka majina na miaka. Elimu yenye manufaa ni sadaka isiyokatika, na huenda daftari lako likawa kitabu cha kesho.

Allah atutakabalie saumu zetu. Amin.