Nauli ya Kwenda Chuoni

Leo tutazungumza habari za vijana wa Kenya waliotafuta elimu ng'ambo.

Katika miaka ya 1950 Kenya haikuwa na chuo kikuu, na nafasi za Makerere, Uganda, zilikuwa chache. Basi vijana, wengi wao watoto wa wakulima, waliviandikia barua vyuo vya Marekani. Vyuo vingine viliwakubali, hata vikawasamehe karo. Lakini nauli iliwashinda.

Mwaka 1959 Bwana Tom Mboya alikwenda Marekani kuomba msaada. Mwezi wa Septemba wanafunzi 81 wakasafiri kwa ndege iliyokodiwa. Nyumbani, jamaa na majirani waliwachangia fedha za matumizi.

Mwaka 1960 safari kama hiyo ilimchukua Wangari Maathai, binti wa kijiji cha Ihithe, Nyeri. Alisoma elimu ya viumbe katika chuo kidogo cha Mount St. Scholastica, Kansas. Mwaka 2004 alipata Tuzo ya Nobel ya Amani.

Basi, mwanao akiletewa barua ya chuo, usiulize karo tu. Uliza: nauli je? Chakula je? Nguo za baridi je? Kisha waite jamaa mapema. Haba na haba hujaza kibaba.

Kwaheri mpaka somo lijalo.